Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Walituita ukumbini asubuhi ya Jumamosi watuonyeshe mtaa wetu mpya. Ulikuwa juu ya meza, umetengenezwa kwa karatasi ngumu na plastiki: majumba meupe marefu, vijiti vya kijani ndiyo miti, na watu wadogo kama punje za mchele wakitembeza mbwa wao. Msichana mmoja mpole aliyevaa raba nyeupe alitueleza kwamba majengo yetu yamechoka, na kwamba kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na kampuni ya ujenzi wataupa mtaa uhai mpya. Kulikuwa na chai na biskuti. Jirani yangu alisimama ubavuni mwangu, ameegemea mkongojo wake. Kiingereza hakukijua sana, kwa hivyo nilikuwa namtafsiria kwa sauti ya chini. Alipochoka kusikiliza aliinama juu ya ile meza, akatafutatafuta kwa kidole, kisha akaniambia nimuulize yule msichana.

"Miye niko wapi hapa?"

Nikauliza. Msichana akatabasamu, akasema ule ni mfano tu, hauonyeshi nyumba ya mtu mmoja mmoja. Nikamrudishia jirani yangu jibu hilo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua, akachukua biskuti mbili, akazifunga kwenye leso yake, tukaondoka.

Mie nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, miaka michache kabla ya mapinduzi. London nilikuja nikiwa mke mchanga, kumfuata mume wangu aliyetangulia kwa kazi ya melini, kisha akapata kazi ya kuendesha mabasi. Tulikaa vyumba vya kupanga, leo huku kesho kule, choo cha watu wote, jiko la watu wote, mpaka tulipopata mtoto na kaunsili ikatupa flati ghorofa ya tatu katika majengo ya matofali ya hudhurungi kusini mwa mji. Siku tuliyokabidhiwa ufunguo mume wangu alifungua bomba la maji moto la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, akanitazama. Nilikaa pale zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa napika katika hospitali, nikirudi jioni nanukia supu ya makopo. Binti yetu alikulia pale. Mume wangu alifia pale, chumba cha mbele, kitanda tumekielekeza dirishani kwa sababu alipenda kuona mabasi yakipita.

Jirani yangu alihamia mlango wa pili yangu, mume wangu akiwa bado hai. Siku ile nilikuwa nakaanga samaki, nimeuacha mlango wazi moshi utoke, nikasikia mwanamke nje anamgombeza mtoto: "Weka ile kitu chini, mikono yako iko na buchafu." Nilisimama na mwiko mkononi. Kiswahili. Kilikuwa cha ajabu, lakini Kiswahili. Katika jengo lile niliwahi kusikia Kihispania, Kituruki, Kiyoruba, na lugha ambazo mpaka leo sijui ni za wapi, lakini cha kwetu nilikisikia kwa mume wangu tu, na yeye hakuwa msemaji. Nikatoka. Nikamkuta mwanamke mrefu, mweusi sana, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi, watoto wawili wamemganda, mifuko ya nguo imewazunguka. Nikamsalimia. Akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Akasema, "Mama, unasemaka kama padiri mu misa."

Alitokea Bukavu. Mume wake aliuawa katika vita vya kule, na namna alivyofika London alinihadithia mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele, na mie sikumuuliza tena. Alisafisha maofisi alfajiri. Mimi nilikuwa Muislamu, yeye Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, na jambo lililotupatanisha hasa lilikuwa majani ya muhogo. Sisi tunayaita kisamvu, wao sombe. Yakiuzwa yameganda, kwenye vifuko vya plastiki. Mie natia nazi, yeye anatia mawese. Kila mmoja aliamini kwamba mwenziwe anaharibu chakula, na kila Jumamosi tulipelekeana bakuli ili kuthibitisha. Baada ya muda nikagundua kwamba kuku wake ananunua kwa mchinjaji wa Kiislamu, mbali, na huku karibu kuna duka la bei rahisi. Hakuniambia. Nilimwona tu siku moja kwenye foleni, nikaelewa kwamba ananunua huko ili nami nipate kula kwake.

Mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyeshika jiko langu. Alijifunga kitenge kichwani, akapika pilau niliyomfundisha mwenyewe, akawapakulia wanawake waliotoka Stanmore na Rayners Lane, kaskazini mwa mji, na kwengineko kuja kunipa pole. Tulipokaa mkekani kumsomea marehemu Yasini, naye alikaa nasi. Hakujua hata neno moja. Mkono wake ulikuwa ndani ya kitenge, na kwa kuwa nilikuwa nimemkaribia niliona kwamba anahesabu rozari yake mle ndani, midomo ikicheza. Mwanamke mmoja mtu mzima alimwona pia. Alimsogezea mto wa kuegemea, basi.

Baada ya mkutano wa ukumbini binti yangu aliniambia nisijitie wasiwasi. Wakati ule alikuwa ameshaolewa, anakaa upande mwengine wa mji, na tulizungumza kama tulivyozoea: mimi kwa Kiswahili, yeye ananielewa vizuri, ananijibu kwa Kiingereza. Alisema hii ni nchi ya sheria, watu hawatolewi majumbani mwao hivi hivi. Nilimwamini. Nilitaka kumwamini, kwa sababu jambo lile lilikuwa limeshanipata mara moja.

Nilikuwa mtoto wa skuli pale nyumba ya baba yangu ilipovunjwa. Baada ya mapinduzi serikali iliamua kujenga majumba ya ghorofa Michenzani, na nyumba zetu za udongo zilizokuwa njiani zikaondolewa. Nyumba ya baba yangu alikuwa ameijenga babu. Mama yangu hakulia. Alifurahi kwamba atapata maji ya bomba na umeme, na kweli alivipata. Lakini baba alikuwa mtu wa baraza. Kila baada ya swala ya alasiri walikuwa wakimjia wenziwe, wakikaa juu ya baraza ile ya saruji mpaka magharibi, na kwenye flati hapakuwa na mahali hapo. Wenziwe walitawanywa, huyu jengo hili, yule jengo lile, mwengine alihamia shamba. Baba alipanda ngazi akaingia ndani, na tokea siku hiyo akawa mtu wa ndani. Nilipokuja Ulaya nikajiambia kwamba angalau huku hilo halitonipata.

Mtaa haukuvunjwa kwa siku moja. Ulianza kufa kwa upande wa chini, dukani. Mwenye duka alikuwa Muhindi mzee, mzaliwa wa Tanga, anayesafiri kila siku kutoka Rayners Lane alikokaa na mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kwake tulipata unga wa sembe, ndimu, mkaa wa ubani, na kadi za kupigia simu nyumbani zama zile za kadi. Alifunga duka kweli kweli siku moja ya Ijumaa. Nilimkuta anatoa rafu, na mnunuzi wa vyuma chakavu anangoja nje. Akanipa kifuko cha iliki, akakataa kulipwa. Nikamwambia pole, mzee. Akasema hili ni duka lake la pili kufungwa maishani; la kwanza lilikuwa kule nyumbani, ujana wake.

"Kule nilijua nani amenifungia," alisema. "Nilimjua kwa sura. Huku, mama, hata wa kumkasirikia sijampata. Wote ni watu wazuri."

Hakurudi tena upande wetu. Badala ya duka likawekwa bati la kijivu.

Kisha yakaja mabati ya milango. Familia ikihama, siku ya pili yake watu wa kaunsili wanaondoa choo na sinki, wanakata maji, wanaufunika mlango kwa bati lenye matundu madogo, kwamba asiingie mtu akakaa bure. Wa mwanzo kuhama walikuwa wenye watoto wadogo, waliopewa nyumba nzuri, na tuliwasaidia kubeba vitu tukiwaombea heri. Waliofuata walipewa nyumba si nzuri. Waliobaki tukawa watu wazima, wagonjwa, na wale ambao karatasi zao za nyumba zina maneno. Lifti iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena, na mwisho hapakuja mtu. Jirani yangu alikuwa na maradhi ya sukari na goti moja lisilokunjika vizuri. Akitaka kwenda kanisani alianza kuteremka mapema, akipumzika kila ghorofa, mie mbele yake ili akianguka aniangukie mie. Nilikuwa na miaka sitini na kitu. Sijui tungefanya nini kama angeniangukia kweli.

Baridi ile ilikuwa mbaya. Mabomba ya joto yaliyokuwa yakilipasha jengo zima yalizimwa upande mmoja kwa kuwa hakuna watu, na upande wetu ukapoa pamoja nao. Panya waliokuwa wakila katika majumba ya watu wengi wakahamia kwetu tuliobaki. Tulifanya jambo la akili: tukahamia chumba kimoja. Mchana kutwa tulikaa kwangu na hita moja ndogo, tumejifunika mablanketi, tunatazama televisheni bila sauti huku tukisema wenyewe. Alinihadithia ziwa la kwao, soko la kwao, mama mkwe wake aliyekuwa mkali. Nami nikamhadithia Ng'ambo. Nilipomsimulia nyumba ya baba yangu akasema, "Basi weye umeshazoea." Nikamwambia sikuzoea. Akasema hata yeye, alikuwa anauliza tu.

Nilijaribu kufikiria kama tulikuwa na furaha siku hizo, kwa sababu tulicheka sana. Sidhani. Tulikuwa tunaogopa, na kicheko kilikuwa karibu.

Ofisa aliyekuja kushughulikia mambo yetu alikuwa kijana wa adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikaa kwenye kochi langu akatueleza kwa upole. Mie, kwa kuwa ni mpangaji wa siku nyingi, nitapewa chumba na jiko huko Thornton Heath, kusini zaidi mwa mji, katika jengo la wazee. Jirani yangu mambo yake yalikuwa mengine. Flati ile hakupewa moja kwa moja. Ilihesabiwa kuwa ya muda, ingawa muda wenyewe ulikuwa umelea watoto wawili mpaka wakaoa na kuolewa. Binti yake alikuwa Ubelgiji, mwanawe Kanada. Kwa hivyo alikuwa mtu mmoja, asiye na haki ya kurudi mtaani ukishajengwa, na chumba kilichopatikana kilikuwa katika mji wa pwani, mbali, saa kadhaa kwa treni. Akikikataa atakuwa ameiondolea kaunsili wajibu wake, na wao hawatadaiwa tena kumtafutia.

Nilipomtafsiria hayo aliniuliza kama nimeelewa vizuri. Nikamuuliza yule kijana tena, akarudia yale yale. Nikamwambia atuweke pamoja. Chumba kimoja kinatosha, mie sina haja ya jiko kubwa, tupelekwe popote lakini pamoja.

Akaniuliza uhusiano wetu ni upi.

"Ni jirani yangu," nikasema.

Akaendelea kunitazama, anangoja nimalize sentensi. Jirani yangu akatuangalia mmoja baada ya mwengine, na ingawa sikumtafsiria, aliona usoni mwangu. Akainuka akaenda kumtengenezea kijana chai.

Binti yangu aliandika barua kwa wakubwa. Alikwenda kuonana na mwanasheria wa bure, akarudi akiwa amekasirika, na mara hiyo akasema nami kwa Kiswahili, kibovu, cha kutafuta maneno, kama vile Kiingereza kimemchosha. Alisema hawajavunja sheria yoyote. Ndiyo hiyo nchi ya sheria. Jirani yangu alimshukuru, akampa kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya safari ya nyumbani ambayo hakuwahi kuisafiri.

Siku aliyohama nilikwenda kwake asubuhi nikamkuta amepiga magoti, kwa lile goti lake, anasugua sakafu ya jiko kwa brashi. Mabegi yamepangwa mlangoni. Gari ilikuwa chini inangoja. Nikamwambia, shoga, wataivunja nyumba hii, hakuna atakayeingia. Akaendelea kusugua. Nikamwambia tena, kwa ukali, nikamnyang'anya brashi. Sijui kwa nini hasira zangu zote zilikwenda kwenye brashi ile. Akanitazama kutoka pale chini.

"Nilipokimbiaka Bukavu niliacha vyombo bichafu mu nyumba," alisema. "Sitafanya vile mara ya pili."

Nikamrudishia. Nikachukua kitambaa nikapiga magoti nami, tukasugua mpaka tukafika mlangoni, tukatoka kinyumenyume. Kisha akafunga, akatia ufunguo kwenye bahasha waliyompa. Dereva alimsaidia kuteremka. Aliniambia nisishuke, nitapata shida kupanda, na ni kweli, kwa hivyo nilibaki juu kwenye varanda na kumwona akiingizwa garini, kwanza mguu mzima, kisha mguu mbovu, kisha mkongojo. Mkono hakunipungia kwa sababu dirisha la upande wake lilikuwa limezibwa na magodoro.

Watu wa mabati walikuja kesho yake.

Nilibaki peke yangu kwenye ghorofa ile mpaka chumba changu kilipokuwa tayari. Sikumbuki sana siku zile. Nakumbuka kwamba nilikuwa napika kisamvu kingi kupita kiasi, kisha nakimwaga.

Thornton Heath si pabaya, lazima niseme. Barabara kuu ina kila kitu: mihogo, ndizi mbichi, samaki wa kukausha, bamia, wanawake wa Kighana wanaogombana na muuza nyanya kama tuko sokoni kwetu Darajani. Ningefurahi kama ningefika nikiwa kijana. Jengo la wazee lina lifti inayofanya kazi na mazulia yanayonyamazisha nyayo. Kila mtu yuko nyuma ya mlango wake mzito unaojifunga wenyewe. Mlango wa pili yangu anakaa bwana mmoja ambaye hunipa ishara ya kichwa. Niliwahi kumpelekea vitumbua, akanirudishia sahani imeoshwa, imewekwa chini kwenye kizingiti, bila kugonga.

Mie na jirani yangu tulikuwa tukipigiana simu. Bado namwita jirani. Aliniambia watu wa mji ule si wabaya, wanamwachia nafasi kwenye basi, lakini hawamsemeshi, na kanisa lake liko mbali. Sombe hakuna. Bahari ipo, lakini upepo wake unamuuma goti, na dirisha lake linaangalia ukuta wa gereji. Siku moja alinikatiza katikati ya mazungumzo.

"Mama," akasema, "hapa siku nzima sisemi na mutu. Kinywa yangu inaoza."

Nikamwambia basi tuseme kila siku. Tukasema kila siku, lakini watu wawili wasiotoka ndani hawana habari nyingi za kupeana. Tulikuwa tunaambiana tulichokula. Kisha tunaambiana kwamba hatujala bado.

Nilimtembelea mara moja, binti yangu alinipeleka. Nilimpelekea mifuko ya majani ya muhogo nimeifunga kwa magazeti isiyeyuke. Alikuwa amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Alipika, akatia mawese, sikumkosoa. Tulikula chakula chote, tumekaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na alikikalia binti yangu. Alinigusagusa mkono kila mara akiwa anasema. Wakati wa kuondoka hakutaka kuja kituoni. Alisema ameshatuona tukiondoka mara moja, inatosha, ingawa aliyeondoka mara ile alikuwa yeye.

Yeye ndiye aliyeniomba niende kuutazama mtaa. Alitaka kujua wamejenga nini. Nilikuwa nimeapa kutopita huko, lakini kwa ajili yake nikapanda mabasi mawili nikaenda. Sikupajua. Sisemi kwamba palikuwa pamebadilika. Sikupajua kabisa, niliteremka kituo kisicho chenyewe, nikazunguka. Barabara yetu yenyewe imehamishwa. Kuna majumba marefu ya vioo, kuna mkahawa, kuna duka la maua, na katikati bustani yenye maji yanayoruka kutoka ardhini. Nilijaribu kukisia dirisha la mume wangu lilikuwa usawa gani, nikawa naangalia juu kwenye hewa tupu baina ya majengo mawili, kwa sababu jengo letu lilikuwa hapo, na hapo sasa hakuna kitu. Nilikaa kwenye ukingo wa bustani nipumzike. Mlinzi alikuja akaniuliza, kwa heshima, kama natafuta mtu. Alikuwa Mwafrika, pengine Msomali. Nikamwambia nilikuwa nakaa hapa. Akaangalia yale majumba mapya, akaniangalia mimi, akaniuliza jengo gani. Nikashindwa kumwonyesha. Akasema samahani sana, mama yangu, lakini bustani hii ni ya wakaazi.

Nilimpigia jirani yangu usiku huo nikamwambia nilivyoona. Ningeweza kumdanganya, na binti yangu anasema ningemdanganya. Akaniuliza kama mti wa cheri uliokuwa mbele ya ngazi upo. Nikamwambia haupo. Akasema sawa, akaniaga mapema.

Baada ya hapo nilivunjika nyonga, nikalazwa, nikafanyiwa upasuaji, na muda mrefu sikuweza kwenda mahali. Simu zake zikawa fupi. Alisema anachoka. Kisha ikawa napiga haichukuliwi, nikadhani amelala, kisha siku mbili, kisha nikamwambia binti yangu, naye akapiga simu ofisi ya kule, wakamwambia hawawezi kumpa habari mtu asiye jamaa. Aliyenipigia mwisho ni mwanawe kutoka Kanada. Aliyemkuta mama yake amefariki alikuwa mtu aliyekuja kutengeneza dirisha. Madaktari walisema ni moyo, na sukari. Mwanawe alikuwa analia, ananambia kwa Kiingereza asante kwa kila kitu, na mie namjibu kwa Kiswahili, pole mwanangu, pole.

Tulikwenda kumzika, mie na mikongojo yangu na binti yangu. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Tulikuwa wachache: mwanawe na mkewe, binti yake kutoka Ubelgiji, wanawake wawili wa kanisa lile la mbali, na dereva wa gari la maiti. Padiri alikuwa mzee mwema ambaye hakumjua. Alilitamka jina lake vibaya, akalirudia vibaya, na watoto wake hawakumsahihisha. Alisema marehemu alikuwa mwanamke mkimya.

Hapo nikaomba kusema. Mwanawe akaniangalia, akakubali. Nilikuwa nimefikiri nitasema kwa Kiingereza watu wanielewe, lakini kilichonitoka kinywani kikawa Kiswahili. Nilisema kwamba hakuwa mkimya. Nilisema alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nilisema habari ya kuku. Nilisema habari ya rozari na Yasini, na namna alivyosugua sakafu ya nyumba iliyokuwa inakwenda kuvunjwa. Nilisema sana, labda kupita adabu ya mahali pale, na nilipoinua macho niliona kwamba binti yake analia lakini mke wa mwanawe na wale wanawake wa kanisa wanainamisha vichwa kwa heshima, wanangoja nimalize. Padiri alisema amina.

Wakati tunarudi kwenye magari mkwe wa marehemu akamuuliza mumewe nilisema nini. Alijaribu kumtafsiria. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia kwa Kiingereza akisema kwamba mimi na mama yake tulikuwa tukikaa jengo moja zamani, kwamba nilikuwa jirani. Kisha akamfungulia mkewe mlango wa gari.

Nyonga yangu hainiruhusu safari ndefu tena. Binti yangu ana watoto na kazi. Kaburi la jirani yangu liko katika mji ambao hakuna mtu aliyemjua, na sidhani kama tangu siku ile kuna aliyekwenda.